Je, Mji Ujivunie Mkate wa Kampuni? Neno juu ya Detroit na Piza Zake

Kila mji mkubwa hutafuta kitu cha kuwaonyesha wageni. Roma huonyesha makaburi ya Mitume Petro na Paulo. Paris huonyesha mnara wake wa chuma. Ndugu zetu wa Lubumbashi huonyesha bomba refu la moshi la kiwanda cha shaba, na kilima cheusi cha mabaki ya madini kilicho kando yake. Mji wa Detroit, katika Jimbo la Michigan, nchi ya Marekani, ulionyesha kwa miaka mingi motokari zake. Lakini wako watu wa huko ambao siku hizi hutaja fahari nyingine: kampuni zao za piza.

Piza ni mkate mpana wa Waitalia. Hupakwa nyanya zilizosagwa, hutandazwa jibini juu yake, huokwa katika tanuru kali, huliwa ungali moto. Waitalia waliohamia Marekani walikwenda na ujuzi huo, na watu wa Marekani wakaupenda mno. Sasa, kandokando ya Detroit zilizaliwa kampuni nne zenye maduka mengi. Little Caesars ilianza mwaka 1959 katika mji mdogo wa Garden City; Domino's ilianza mwaka 1960 huko Ypsilanti; Hungry Howie's mwaka 1973 huko Taylor; na Jet's mwaka 1978 huko Sterling Heights. Domino's peke yake ilifikisha maduka 20,000 mwaka 2023, katika nchi zaidi ya 90. Basi watu wa Detroit husema: Sisi tumelisha dunia, kwa nini tusijivunie?

Pengine msomaji wa parokia yetu atauliza: mambo ya piza za Marekani yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu mbili. Ya kwanza, hata katika miji yetu, kampuni kubwa ikija kutundika kibao chake chenye taa, sisi hupiga makofi na kusema mji umeendelea. Ya pili, mkate si kitu kidogo kwa Mkristu. Kila siku tunamwomba Baba yetu wa mbinguni atupe huo. Kwa hiyo inafaa kuuliza mkate unatoka wapi, unaokwa na nani, na mwokaji analipwa nini.

Kwanza tutenge maneno mawili yaliyo jirani. Kujivuna ni dhambi ya kiburi: mtu hujitukuza mwenyewe. Kujivunia kitu si lazima iwe dhambi. Mzazi hujivunia mtoto mwema, na kijiji hujivunia kanisa kililojengwa kwa matofali ya wanakijiji wenyewe. Lakini ndani ya maneno hayo sikio letu husikia pia neno kuvuna. Anayetaka kujivunia mavuno, na aonyeshe kwanza shamba alilolima. Kwa kipimo hicho tuipime fahari ya Detroit.

I. Juu ya ustadi

Katika jambo hili Detroit ina haki kabisa, lakini si kwa sababu ya zile kampuni nne. Mwaka 1946 palikuwa na kilabu ya pombe iliyoitwa Buddy's, katika mtaa wa watu wa viwanda. Mwenyeji wake, Gus Guerra, alianza kuoka piza ya namna ya Sisilia, yaani yenye mkate mnene. Sinia za kuokea hazikuwa za kawaida. Zilikuwa sinia nzito za chuma, zenye pembe nne, zilizotumiwa katika viwanda vya motokari kwa kuwekea vipande vidogo vya mashine. Unga ukatiwa humo. Jibini kutoka Jimbo la Wisconsin ikatandazwa mpaka kwenye kingo, ikayeyuka na kukauka pembeni kama ukoko wa wali. Mchuzi wa nyanya ukamwagwa juu, badala ya kuwekwa chini ya jibini.

Tazameni, wasomaji, jinsi chakula hicho kilivyo cha mji ule kweli. Ujuzi ni wa wahamiaji, sinia ni ya kiwanda, mlaji ni mfanyakazi aliyetoka zamu. Hakuna mji mwingine ungeweza kukizaa kwa namna ile ile. Hapa Detroit ilivuna katika shamba lake.

Ustadi wa kampuni kubwa ni wa namna nyingine. Nguvu yake ni kufanya kila duka lioke mkate ule ule, kwa kipimo kile kile, kwa haraka ile ile, hata mlaji asijue yuko mji gani. Hatusemi kazi hiyo ni rahisi. Inataka akili na utaratibu mkubwa. Lakini kitu kilichotengenezwa ili kisifanane na mji wowote, mji mmoja utakidai vipi kuwa ni mtoto wake? Tena turudi kwenye majina tuliyotaja: Garden City, Ypsilanti, Taylor, Sterling Heights. Hakuna hata moja lililo Detroit yenyewe. Ni miji iliyo nje ya mipaka yake.

Na jambo hilo si bahati tu. Mwaka 1950 Detroit ilikuwa na watu 1,849,568. Katika miaka iliyofuata viwanda vilihamia mahali pengine, Wazungu wengi wakahamia miji ya pembeni, na mwezi wa Julai 1967 machafuko yakawaua watu 43. Kufika mwaka 2010 walibaki watu 713,777, na mwaka 2020 walikuwa 639,111. Kampuni za piza zilikua huko pembeni katika miaka ile ile mji ulipokuwa unakonda. Hatuzilaumu kwamba ndizo zilizouondoa watu mji. Sababu zilikuwa kubwa kuliko mkate. Lakini anayezihesabu kuwa mavuno ya Detroit na akumbuke hesabu hii pia.

II. Juu ya kazi na mali

Watetezi husema: kampuni hizi zimeleta kazi. Ni kweli, na mtu asiye na kazi hajui dharau kwa kazi yoyote ya halali. Lakini tuangalie jinsi duka la namna hii linavyoendeshwa. Mara nyingi kampuni yenye jina siyo yenye duka. Mtu mwingine huweka mali yake, hukodi nyumba, hununua tanuru, huajiri vijana. Kisha huilipa kampuni fungu la mapato yake kwa sababu ya kutumia jina na utaratibu wake. Katika Domino's huko Marekani karibu maduka yote ni ya namna hiyo. Basi kijana anayeoka akilia kwamba mshahara hautoshi, kampuni inaweza kumjibu: sisi si bwana wako, mwulize mwenye duka. Na mwenye duka anaweza kumjibu: nimebanwa na fungu la kampuni. Jina ni moja juu ya mlango, lakini wajibu umegawanyika, na wakati mwingine hupotea njiani.

Upo mfano mmoja ulio wazi. Kwa miaka mingi Domino's iliahidi kwamba piza itafika nyumbani kwa mteja katika dakika 30, na ikichelewa mteja atapewa bure au atapunguziwa bei. Watu walifurahi sana. Lakini aliyebeba mzigo wa ahadi hiyo alikuwa kijana mwenye usukani, akiwa katikati ya motokari nyingi, saa mkononi. Mwezi wa Desemba 1993, waamuzi wa mahakama huko St. Louis waliamua kwamba mama mmoja aliyegongwa na dereva wa piza alipwe karibu dola milioni 79. Mwezi huo huo kampuni ikaifuta ahadi yake. Mji unaojivunia haraka ya namna hiyo uulize kwanza ni nani aliyekimbia.

Papa Leo XIII, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, alifundisha kwamba ujira wa haki ni ule unaomwezesha mfanyakazi mwenye kiasi kuishi; haitoshi kusema kwamba amekubali mwenyewe, maana mwenye njaa hukubali lolote. Papa Leo XIV, Mmarekani aliyechaguliwa mwaka 2025, alieleza kwamba alichukua jina hilo hasa kwa kumkumbuka Leo XIII na mafundisho yake juu ya kazi. Basi kipimo hiki si cha zamani tu. Kampuni ya kujivunia ni ile ambayo kijana aliye mbele ya tanuru yake anaweza kulisha nyumba yake kwa mshahara wake. Wingi wa maduka hautuambii neno juu ya hilo.

Hata hivyo tuseme la haki. Kuanzia mwaka 2004 Little Caesars iliuza katika Marekani nzima piza kubwa iliyokwisha kuokwa kwa dola 5 tu, na bei hiyo ilidumu hadi mwanzo wa mwaka 2022. Mama mwenye watoto wanne na fedha kidogo aliweza kuwashibisha jioni ile. Hatutacheka mkate wa rahisi. Wanaoucheka mara nyingi ni watu wasiojua kuhesabu sarafu za mwisho wa mwezi.

III. Juu ya wenye kampuni na wema wao

Fahari ya tatu ni ya watu wenyewe, na hapa inatubidi kusema kwa uangalifu, kwa sababu wema wao ni wa kweli.

Tom Monaghan, mwanzilishi wa Domino's, ni Mkatoliki. Baba yake alikufa yeye akiwa na miaka minne, na akalelewa kwa muda katika nyumba ya yatima ya masista. Alipokwisha kutajirika sana, alisimamisha ujenzi wa nyumba yake ya kifahari, akaacha vitu vingi vya anasa. Mwaka 1998 aliuza kampuni kwa kadiri ya dola bilioni moja, akatumia mali nyingi kwa mambo ya dini, hata akaanzisha chuo kikuu cha Ave Maria katika Jimbo la Florida.

Mike Ilitch na mkewe Marian, watoto wa wahamiaji wa Makedonia, walianza Little Caesars kwa akiba yao. Mwaka 1987, wakati wengi walipokimbia katikati ya Detroit, walinunua jumba kuu la Fox Theatre lililojengwa mwaka 1928, wakalitengeneza, kisha wakahamishia humo makao ya kampuni. Tangu mwaka 1985 kampuni yao ina motokari kubwa yenye majiko ndani, inayozunguka kuwapa chakula wenye njaa. Na mwaka 1994, bibi Rosa Parks, yule aliyekataa kumwachia Mzungu kiti katika basi la Montgomery, alipovamiwa na mwizi nyumbani kwake Detroit, Mike Ilitch alijitolea kumlipia nyumba mahali pa salama. Hakutangaza, habari hiyo ilienea baadaye sana. Sadaka isiyopigiwa tarumbeta ndiyo aliyotufundisha Bwana wetu.

Tunawaheshimu watu hawa. Lakini mtu si kampuni, wala kampuni si mji. Monaghan alipouza, wanunuzi walikuwa wafanya biashara ya fedha, na mji haukuulizwa, kwa kuwa haukuwa na fungu. Chuo chake kizuri kilijengwa Florida. Ni haki yake. Mali ilikuwa yake. Ila basi fahari nayo ni yake, na hesabu yake ni kwa Mungu.

Na juu ya familia ya Ilitch kuna jambo zito zaidi. Mwezi wa Julai 2013 mji wa Detroit ulikwenda mahakamani kutangaza kwamba umefilisika, ukiwa na deni la kadiri ya dola bilioni 18. Wazee waliostaafu kazi za mji waliogopa kupunguziwa posho zao, na wengi wao walipunguziwa kweli. Mwezi huo huo, shirika la serikali ya jimbo likapitisha mpango wa kujenga jumba jipya la michezo kwa ajili ya timu ya hoki ya familia hiyo. Jumba lilifunguliwa mwaka 2017. Liligharimu kadiri ya dola milioni 863, na katika hizo karibu milioni 324 zilitoka katika kodi za watu. Jina lake ni Little Caesars Arena. Jumba ni mali ya shirika la mji. Lakini mapato ya michezo na ya jina hilo huenda kwa kampuni za familia. Waliahidi pia kwamba mitaa mitano ya nyumba na maduka itachipuka pande zote. Miaka ikapita baada ya ufunguzi, na sehemu kubwa ya viwanja hivyo ikabaki mahali pa kuegesha motokari.

Wahenga walisema: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mji ukisifu kampuni pasipo kuuliza, kampuni hujifunza kwamba inaweza kuomba lolote. Papa Pius XI, mwaka 1931, alifundisha kwamba mapendo hayawezi kushika mahali pa haki inayonyimwa. Motokari yenye majiko ni mapendo. Matumizi ya kodi ya mji maskini ni jambo la haki. La kwanza halifuti swali la pili.

IV. Mkate mwingine wa Detroit

Wakati tunapotafuta mkate wa kujivunia, Detroit inao mwingine, na Wakatoliki tunaujua vizuri. Katika monasteri ya Mtakatifu Bonaventura ya Wakapuchini, tangu mwaka 1924 hadi 1945, mlinda mlango alikuwa Padri Solanus Casey. Masomo yalimshinda seminarini. Alipewa upadri mwaka 1904, lakini hakuruhusiwa kuungamisha wala kutoa mahubiri ya mafundisho makuu. Basi alipewa kazi ya kufungua mlango. Watu wenye njaa walipoanza kupiga hodi kwa wingi, katika mwaka 1929, yeye na ndugu zake walianzisha nyumba ya kuwagawia mkate na supu. Nyumba hiyo inaendelea hata leo, na maskini wa Detroit hula humo bila kuulizwa dini yao.

Padri Solanus alikufa mwaka 1957. Tarehe 18 Novemba 2017 alitangazwa Mwenye Heri, na Misa ilifanyika katika uwanja wa Ford Field, mbele ya watu zaidi ya elfu sitini. Ilikuwa karibu miezi miwili tu baada ya kufunguliwa kwa jumba la Little Caesars, na majengo hayo mawili hayako mbali. Mwaka mmoja, katikati ya mji mmoja, watu walipewa majina mawili yanayohusu mkate. Jina moja lilitundikwa kwa taa juu ya jumba lililojengwa kwa sehemu ya kodi yao. La pili ni la mtu aliyefungua mlango.

Hatusemi kwamba kugawa bure ni kwema na kuuza ni kubaya. Mwuza mkate kwa haki ni mtumishi wa watu, na mji hauwezi kuishi kwa supu ya Wakapuchini peke yake. Tunasema tu kwamba mji unaotafuta fahari uangalie kule maskini wake wanakopokelewa, kabla ya kuangalia kule jina lake linakotajwa.

V. Hukumu, na neno kwetu

Je, Detroit ijivunie kampuni zake za piza? Jibu letu ni hili. Ijivunie sinia ya pembe nne, kwa kuwa ni kazi ya mikono ya watu wake. Ishukuru kwa mkate wa bei nafuu, na kwa kila sadaka iliyotolewa kwa moyo. Iwaheshimu waanzilishi kwa bidii yao. Lakini kampuni zenyewe, na wingi wa maduka yao, si mavuno ya mji. Ni mavuno ya wenye hisa. Mji una wajibu mwingine juu yao: kuzidai. Zidaiwe mshahara wa haki, zidaiwe kutimiza ahadi, zidaiwe hesabu ya kila dola ya kodi.

Sisi wa Kongo tunalijua jambo hili kwa uchungu. Katika Katanga, Union Minière na kisha Gécamines ilikuwa kama baba na mama: nyumba, shule, hospitali, posho ya unga. Mtu aliyevaa nguo za kampuni alitembea kifua mbele. Lakini kuanzia mwaka 1990, mwaka ambao mgodi wa Kamoto uliporomoka, kampuni ilianguka. Na kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya elfu kumi waliondoka kazini kwa mpango mmoja. Fahari ya jana haikulipa ada ya shule ya mtoto hata mmoja. Detroit ilijifunza somo hilo hilo kwa motokari, na ingekuwa huzuni ilisahau kwa piza.

Basi, vijana wetu, siku kampuni yenye jina kubwa itakapofungua duka katika mji wenu, nunueni mkiweza, mle kwa furaha, maana chakula ni zawadi ya Mungu. Lakini msiseme upesi kwamba mji umetukuzwa. Ulizeni kwanza: anayefagia humo analipwa nini? Unga umenunuliwa kwa mkulima gani? Kodi inakwenda wapi? Na jioni, duka likifungwa, mkate uliobaki hupewa nani? Kizuri kula na nduguyo, walisema wazee wetu. Mji ambao majibu yake ni mema, na ujivunie mkate wake pasipo haya, hata kama jina la mkate huo halijulikani nje ya mtaa mmoja.